Cheni ya Boxer haifiki miezi mitano, nakosea wapi?

Mkataba_Ihumwa:
Habari zenu wakuu. Mi ni bodaboda Dodoma, kijiwe changu kiko Ihumwa, chombo ni Boxer 150 ya mkataba na imebaki miezi saba iwe yangu. Shida ni cheni. Tangu nikabidhiwe hii ni ya tatu na hakuna hata moja iliyofika miezi mitano, na kwenye mkataba wetu matengenezo yote ni juu yangu, bosi yeye anapokea hesabu yake tu. Si kwamba siitunzi, kila asubuhi kabla sijatoka naimwagia oil chafu, ile napewa bure na fundi, ndo naingia barabarani. Sa hivi nikibeba mtu inalia krakrakra na jana napandisha kilima na mshikaki ikaruka kabisa kwenye sproketi, lile gurudumu la meno linalobeba cheni, abiria wakashuka wakamaliza kwa miguu. Kijiweni kila mtu na lake, mmoja anasema paka grisi, mwingine anasema sehemu za vumbi cheni iachwe kavu. Naombeni ushauri, na kama kusafisha naweza mwenyewe nielekezeni taratibu.

Fundi_Spana17:
Pole sana kaka. Oil chafu acha kuanzia leo. Ile imemwagwa kutoka kwenye injini kwasababu imeshachoka, ina masizi na unga wa vyuma, afu wewe unaiweka asubuhi na kuondoka hapohapo, nusu inarukia kwenye rimu na inayobaki inakamata vumbi. Mchana shika cheni yako usugue vidole, utaona uji mweusi wenye chenga. Huo uji ni msasa, unaendesha na msasa kutwa nzima.

Mi nina cheni moja mbovu niliigonga pini ikatoka ili vijana wangu waone. Kwa nje pingili inang'aa vizuri tu, ila pini yenyewe katikati imelika, ukipitisha kucha inadumbukia kwenye kijibonde. Watu wanasema cheni imevutika, chuma hakijavutika popote, ni pini na bushi zake zimelana. Kila kiungio kikilika sehemu moja ya kumi ya milimita tu, cheni ina viungio zaidi ya 100, hapo tayari imeongezeka zaidi ya sentimita nzima. Kwahiyo mafuta yanatakiwa yafike HUKO NDANI. Grisi ya kupaka na kidole haifiki, inakaa juu kukusanya mchanga. Na aliyekwambia uache kavu amekwambia chuma kisuguane na chuma.

Fanya jioni ukirudi, cheni ikiwa bado na joto. Simamisha kwa stendi ya kati, gia frii, injini zima na ufunguo toa. Mafuta ya taa kidogo kwenye kopo na mswaki wa zamani, sugua juu, chini na pembeni huku unazungusha tairi kwa mkono. Futa na tambara, iache ikauke. Afu chukua oil ya gia namba 90, tia kwenye kichupa cha plastiki ulichotoboa kifuniko kwa sindano, dondoshea ule upande wa chini wa cheni kwa ndani, tone moja moja pale vibamba vinapokutana, kushoto na kulia. Ukizungusha mafuta yanasukumwa kutoka ndani kwenda nje yanapenya. Iache ilale. Asubuhi futa nje mpaka ionekane kama kavu, usiogope, yaliyoingia yameshaingia. Rudia kila kilometa 500, na we unayepiga mia na zaidi kwa siku basi hiyo ni kila siku nne.

BabaAisha:
Jamani hapo kwenye kuzima injini msipite haraka. Kijana wa kijiwe chetu aliona kuzungusha tairi kwa mkono ni kuchelewa, akawasha akaweka gia ya kwanza akawa anafuta na tambara cheni ikizunguka yenyewe. Tambara likanaswa likaenda na mkono mpaka kwenye meno. Hata kupiga kelele hakuwahi. Amepoteza ncha za vidole viwili mkono wa kulia, na breki ya mbele ndo iko mkono huo. Nawaomba sana.

NduthiLikoni:
Huku kwetu Likoni, Mombasa, si vumbi, ni chumvi, ukilaza pikipiki siku mbili cheni inakuwa nyekundu. Hiyo namba 90 imenisaidia pia. Lakini fundi mimi husafisha na petroli juu ya vile inakauka haraka, iko na ubaya?

Fundi_Spana17:
@NduthiLikoni iache. Kwanza moto, watu wanaosha na sigara mdomoni. Pili kuna cheni zina vipete vya mpira kati ya vibamba, vinatunza grisi ya kiwandani, petroli inavikausha vinapasuka. Hizi za boda nyingi hazina, ila mafuta ya taa ni salama kwa zote.

MamaPikipikiMbili:
Mkataba_Ihumwa mdogo wangu, mimi ni upande wa mabosi, nina mbili ziko mtaani. Kabla hujaosha nenda nyuma kabisa ya sproketi kubwa, shika cheni uivute kuelekea kwako. Ikiachana na meno mpaka uone nusu ya jino, hiyo hata uioshe na maziwa imekwisha. Na hizo cheni tatu, sproketi ulibadilisha?

Mkataba_Ihumwa:
Dada nimetoka kuangalia sasa hivi na tochi ya simu. Inaachia karibu jino zima. Na meno ya ile kubwa yamelala upande mmoja kama ndoano. Sproketi sijawahi kubadilisha, nilikuwa nanunua cheni peke yake nipunguze gharama.

Fundi_Spana17:
Basi hapo ndo pesa yako ilipokuwa inaenda. Cheni mpya kwenye meno ya ndoano haikai sawa, inabebwa na meno mawili matatu badala ya kugawana mzigo, na yenyewe inalika ndani ya muda mfupi. Nunua seti nzima, cheni na sproketi zote mbili. Ukitaka kujua ya baadae pima kwa rula: cheni namba 428 viungio 20, pini mpaka pini, ikiwa mpya ni milimita 254. Ikifika 259 tupa.

Ukifunga, kile kiungio chenye klipu, upande uliozibwa wa klipu uelekee inakokwenda cheni, ukigeuza inaweza kuchomoka njiani. Ulegevu katikati ya upande wa chini ni sentimita 2 mpaka 3, tafuta sehemu iliyokaza zaidi upimie hapo. Vijana wengi wanakaza kama waya wa gitaa, ukipakia watu au gunia nyuma inabonyea cheni inazidi kukaza, inakula na beringi. Alama za kushoto na kulia kwenye mkono wa nyuma unaoshika tairi zilingane.

Mkataba_Ihumwa:
Wakuu narudisha mrejesho, leo wiki ya sita. Nilikopa kwa kikoba cha kijiwe nikafunga seti. Nafanya kila Jumatano na Jumapili jioni, dakika ishirini haziishi. Kelele hakuna, rimu safi, na nimekaza mara moja tu nusu mzunguko wa nati kila upande. Bosi kaona akauliza nimeweka nini. Swali la mwisho, mvua zinakuja na tope la huku nitakuwa naosha sana kwa mashine ya presha, inaruhusiwa kupiga kwenye cheni?

Fundi_Spana17:
Usipige kwa karibu, inasukuma tope ndani na kutoa mafuta yote uliyoweka. Osha kwa mbali, tembea dakika tano cheni ijikung'ute maji, afu weka oil siku hiyohiyo hata kama si Jumatano.

Mkataba_Ihumwa:
Sawa fundi. Nikija Dar nitakutafuta na hii cheni ya zamani uwaonyeshe na hiyo vijana wako.