Hilux 3.0, D-Max 3.0, Navara, Ranger 3.2: pikapu ipi iliyotumika itadumu miaka kumi?

Mzigo_Kila_Siku (mleta mada)

Habari wakuu. Natafuta pikapu ya dizeli, dabo kebini, 4x4, ya mkononi. Itabeba kilo 600 hadi 700 karibu kila siku, na nusu ya njia ni vumbi na mawe. Nataka nikae nayo miaka kumi, hivyo viti vya ngozi na skrini havinihusu. Nachotaka kujua ni injini, chasisi na matunzo.

Nilizopata mpaka sasa: Toyota Hilux 3.0 D-4D ya 2010, Isuzu D-Max 3.0 ya 2009, Nissan Navara D40 2.5 ya 2008 na Ford Ranger 3.2 ya 2013. Zote zimetembea kati ya kilomita 180,000 na 260,000. Kuna na Mitsubishi L200 2.5 ambayo ndiyo rahisi kuliko zote. Hilux ndiyo ghali. Kila ninayemuuliza ananiambia "chukua Toyota" halafu anaishia hapo. Naomba sababu.

Spea_Kwanza

Sababu ni spea na kuuza. Hilux imeanza kutengenezwa 1968, hakuna fundi ambaye hajawahi kuishika. Ukiharibikiwa popote utapata kifaa, na siku ukitaka kuiuza haikai. Hiyo peke yake inafidia bei.

Fundi_Dizeli

Spea_Kwanza, spea ni kweli, sipingi. Lakini mleta mada kauliza ipi itadumu, na hapo jina la kwenye boneti halitoshi. Kuna Hilux ya 5L, ya 2KD, ya 1KD, na kuanzia 2015 kuna 2GD na 1GD. Kila moja ina ugonjwa wake. Mimi mtu akiniletea gari naanza na namba ya injini.

Hilux hiyo ya 2010 ni 1KD-FTV. Injini ngumu, ila ina kitu kimoja ambacho usipokijua kinaiua: washa za shaba zinazokaa chini ya injekta. Zikianza kuvuja, moshi wa mwako unapenya kwenda juu kwenye tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) badala ya kutoka kwenye ekzosi. Masizi yanaingia kwenye oili, yanashuka kwenye sampu (beseni la oili chini ya injini) na kuganda kwenye chujio la kunyonyea oili. Ukichomoa kijiti unaona oili iko juu kabisa, unaridhika, kumbe pampu inanyonya kwa shida. Ukifungua sampu ya injini ya namna hiyo utakuta chujio limefunikwa ganda jeusi gumu, ukilikwangua kwa kucha linabanduka vipande kama ukoko wa chungu. Taa ya oili ikija kuwaka, tabo (kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini) na beringi za krenki zimeshaumia. Na hili linampata hata anayebadilisha oili kwa wakati, kwa sababu tatizo halikuanzia kwenye oili.

Dawa yake si ghali kama ugonjwa wenyewe: badilisha washa zote nne kwa pamoja, shusha sampu, safisha chujio. Injekta nazo zipimwe, maana injekta inayomwaga mafuta badala ya kuyapuliza inaunguza pistoni hadi inapasuka. Halafu mkanda wa taimingi. Kwa kawaida ni kilomita 150,000, baadhi ya masoko 100,000, na kuna taa ya kukumbusha kwenye dashibodi. Hiyo taa inazimwa bila kubadilisha mkanda, kwa hiyo usiiamini. Taka kuona risiti.

D-Max ya 2009 yenye 4JJ1 ni cheni, na bloku yake ni ya chuma. Kwangu mimi ndiyo injini iliyotulia kuliko zote ulizotaja. Udhaifu wake uko kwenye mfumo wa mafuta: vali ya kudhibiti pampu ya presha inachakaa au inachafuka, gari inaanza kupandisha na kushusha mzunguko ikiwa imesimama, au inakosa nguvu mlimani. Kile ni kifaa kimoja kidogo, kukibadilisha hakuhitaji kufumua injini.

Navara D40: YD25 za mwanzo zina cheni ya juu ya safu moja, na inajulikana kwa kulegea mpaka kukatika. Baadaye iliwekwa ya safu mbili. Ukisikia mlio wa kukwaruza upande wa mbele wa injini asubuhi ikiwa baridi, ondoka.

L200 yenye 4D56 ina mikanda miwili, wa taimingi na mdogo wa shafti za kusawazisha. Watu wanabadilisha mkubwa na kuusahau mdogo. Mdogo ukikatika unaweza kuingia kwenye mkubwa, na hapo vali zinakutana na pistoni. Hedi yake (kichwa cha injini) pia haipendi kuchemshwa hata kidogo.

Mama_Shamba

Fundi umesema vizuri kuhusu injini, naomba niongeze la matumizi. Tuna D-Max shambani, imebeba mbolea na mazao tangu ilipotoka mkononi mwa mwenye nayo wa kwanza. Kitu kilichoifikisha hapo ni dizeli safi. Injini hizi zote za komonireli (bomba moja la presha kubwa linalogawia injekta zote mafuta), iwe Toyota au Isuzu au Ford, zinakufa kwa maji na uchafu kwenye mafuta. Chini ya filta ya dizeli kuna kibomba cha kutolea maji. Dereva wetu anakifungua kila Jumatatu, anakinga kwenye chupa ya kioo, anaiacha itulie. Maji yanakaa chini, dizeli juu, unaona mpaka wake kwa macho. Siku maji yakizidi, hatuendi tena kituo tulichojaza.

Kingine, vumbi. Kitabu kinaweza kukuambia oili kilomita 10,000. Kwa mzigo wa kila siku na vumbi, weka 5,000 na usisikilize anayekuambia unapoteza pesa. Filta ya hewa ndiyo inayookoa tabo: mpira wa bomba lake ukiwa na ufa mdogo tu, vumbi linakwenda moja kwa moja kwenye mapezi ya tabo.

Kutu_Haina_Rafiki

Mnaongea injini tu. Injini inabadilishwa, chasisi ikivunjika gari imekwisha. Navara D40 huko Uingereza zimekatika chasisi kwa kutu, eneo la nyuma ya kebini pale inapokutana na bodi ya mzigo. Na msidhani Toyota imeepuka: Marekani, Tacoma za 2005 hadi 2010 zilikuwa na tatizo la kutu kiasi kwamba mwaka 2016 kulikuwa na makubaliano ya mahakamani, na Toyota ikabeba ukaguzi na ubadilishaji wa chasisi zilizooza.

Mleta mada, kama gari uliyoiona ilitoka nchi inayomwaga chumvi barabarani wakati wa barafu, lala chini yake na nyundo ndogo. Gonga chasisi kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini ya gari ya zaidi ya miaka kumi inanitia wasiwasi kuliko kutu yenyewe, kwa sababu kutu ninayoiona naweza kuipima. Angalia pia sehemu zilizochomelewa karibu na vishikio vya springi.

Tano_Silinda

Mmeiruka Ranger. Silinda tano za 3.2 zina nguvu ya kuvuta ambayo 3.0 zenu hazina, na kwa mzigo wa kilo 700 haitambui kama imebeba. Taimingi ni cheni. Mazda BT-50 ya 2011 hadi 2020 ni ndugu yake wa damu, kwa hiyo vifaa vingi vinaingiliana. (BT-50 ya 2020 kuendelea ni ndugu wa D-Max, msichanganye.)

Mimi ninayo na inanitosha.

Fundi_Dizeli

Tano_Silinda, uko sahihi kwa nguvu. Ila 3.2 inadai fundi anayeijua, na nitataja mambo mawili. Kwanza, ukimwaga oili usiiache wazi muda mrefu. Pampu yake ya oili ikibaki kavu inapoteza uwezo wa kunyonya, na maelekezo ni kuziba na kujaza ndani ya dakika 10 hivi. Fundi anayefungua nati ya oili halafu anakwenda kula, atakuwashia injini isiyopata oili. Pili, kipozeo cha EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye injini) kikipasuka kinaingiza kulanti, yaani maji ya kupoza, kwenye injini. Kulanti ikipungua bila kuonekana inapovujia, anzia hapo.

Na kama utaangukia Ranger mpya zaidi ya 2.0 bi-turbo, zile za mwanzo za 2018 zina mkanda wa taimingi unaozunguka ndani ya oili. Oili ikiwa chafu au si ya kiwango chake, mkanda unamomonyoka na vipande vinaziba njia ya oili. Hiyo siishauri kwa mtu wa miaka kumi.

Pampu_Ya_Kizamani

Hakuna anayetaja 5L? Lita 3.0 bila tabo, pampu ya mafuta ya kimakanika, hakuna kompyuta ya kuchanganyikiwa. Mafundi wote wanaiweza. Mkanda wa taimingi kila kilomita 100,000, oili, basi.

Fundi_Dizeli

Naipenda 5L, lakini nguvu yake haifiki farasi 100. Kilo 700 mlimani utapanda kwa gia ya pili, na dereva mwenye haraka ataikanyaga mpaka ichemshe. Ikichemka hedi inapinda au inapasuka. Kwa mtu asiye na haraka ni gari ya maisha, nakubali.

Mzigo_Kila_Siku

Asanteni sana wote. Navara na L200 nimeziondoa. Zimebaki Hilux na D-Max, Ranger naiweka pembeni kwa sababu fundi wangu hajawahi kuifungua. Jumamosi nakwenda kuziona. Fundi, nikague nini kwa mikono yangu kabla sijalipa mtu wa kupima?

Fundi_Dizeli

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Weka mkono kwenye boneti. Ikiwa ya moto wakati alikuahidi baridi, jiulize anaficha nini kwenye uwashaji wa asubuhi. Iwashe mwenyewe. Moshi kidogo ukikata mara moja si tatizo. Mweupe unaoendelea na harufu ya dizeli mbichi ni injekta au kompresheni, wa bluu ni oili.

Ikishapata moto, fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, kisha kilaze pale pale juu ya tundu bila kukifunga. Kikitetemeka kidogo, sawa. Kikirushwa, au moshi ukitoka kwa mapigo, injini inapumua: pistoni na ringi zimechoka, au kwa 1KD ni zile washa. Ndani ya kifuniko pitisha kidole. Oili nyeusi ni kawaida kwa dizeli, ila ukikuta ukoko mgumu wa masizi au uji mweupe, simama hapo hapo.

Kifuniko cha rejeta kifunguliwe ikiwa baridi tu. Usione oili inaelea. Kama ni otomatiki, uwe makini zaidi, maana kipozeo cha oili ya giaboksi mara nyingi kiko ndani ya rejeta, na kikipasuka vimiminika viwili vinachanganyika. Nissan za Marekani za 2005 hadi 2010, Frontier na Pathfinder, zilipoteza giaboksi kwa njia hiyo.

Kisha unganisha kifaa cha kusoma kompyuta ya gari na utazame marekebisho ya injekta, yaani kiasi cha mafuta ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza kwa kila injekta. Injekta moja ikiwa mbali na wenzake, iandikie gharama kwenye bei. Kilomita za dashibodi usizitegemee, linganisha na pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva.

Weka 4x4 kwenye udongo, iende mita chache, uitoe. Kuna gari ambazo hazijawahi kuingizwa miaka kadhaa na haziingii tena.

Mama_Shamba

Na springi za nyuma, mwanangu. Hesabu majani, tazama kama kuna lililovunjika, na kama kuna majani yaliyoongezwa ujue ilibebeshwa kupita kiasi. Iliyobebeshwa hivyo, difu na beringi za nyuma nazo zimebeba.

Mzigo_Kila_Siku

Nimerudi. Hilux ilipita kila kitu kwenye kuwasha, kifuniko kilitulia, lakini muuzaji hana risiti ya mkanda na amekataa kabisa sampu isishushwe hata kwa gharama yangu. D-Max chasisi inalia vizuri mbele hadi nyuma, kifuniko kimetulia, 4x4 inaingia. Ila mzunguko unapanda na kushuka ikiwa imesimama, na jani moja la springi kushoto limevunjika. Injekta zote nne zinakaribiana.

Spea_Kwanza

Mimi na Hilux yangu, lakini anayekataa chujio lisitazamwe kwenye 1KD anakuuzia wasiwasi. Hapo sikulaumu ukichukua Isuzu.

Fundi_Dizeli

Injekta zikikaribiana na mzunguko ukicheza, nashuku ile vali ya pampu. Kabla ya kununua vali badilisha filta ya dizeli na utoe hewa vizuri, mara nyingine hilo tu linatuliza. Isipotulia, weka vali halisi, za bei chee zinarudi na tatizo lile lile.

Ukishailipia, usiipakie mzigo wiki ya kwanza. Mwaga oili zote: injini, giaboksi, transfa (giaboksi ya 4x4), difu ya mbele na ya nyuma. Zile za difu zikinge kwenye beseni jeupe uzione, zikiwa za rangi ya maziwa maji yaliingia kwenye vivuko, na hapo ukague vibomba vya kupumulia hewa vya difu. Tia grisi krosi za propela shafti mpaka grisi ya zamani itoke yote. Jani la springi badilisha pande zote mbili, si kushoto peke yake, na yubolti (bolti za umbo la U zinazoshika springi) ziwe mpya. Zikaze tena baada ya kilomita 1,000 za mzigo, kwa sababu springi mpya zinajilaza na yubolti zinalegea, na yubolti zilizolegea ndizo zinazokata senta bolti, ile inayoshika majani ya springi pamoja.