Naomba ushauri: maikrowevu inazunguka lakini haipashi chakula

Habari zenu wakuu. Maikrowevu yangu taa inawaka, sahani inazunguka, feni inavuma, lakini chakula kinatoka baridi vilevile. Ilianza siku umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu. Sasa nikiiwasha inatoa mngurumo mzito ambao haukuwepo.

Fundi wa mtaani, bila hata kuifungua, kaniambia magnetroni (kifaa kinachotoa mawimbi ya kupasha chakula) imekufa, nikanunue mpya. Mimi nashuku dayodi ya volti kubwa (kile kijisehemu kinachopitisha umeme upande mmoja tu), maana ikipiga shoti huleta mngurumo wa namna hiyo, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na magnetroni. Shida ni kwamba mita ya kawaida inaweza kuonyesha dayodi hiyo imekata pande zote hata kama ni nzima. Mnaipimaje?

Halafu kuna kapasita, kile kifaa kinachotunza umeme ndani yake. Najua inaweza kubaki na chaji ya volti 2,000 hata plagi ikiwa imechomolewa, kwa hiyo sijagusa skrubu hata moja. Mafundi, hii ni kazi ya kujaribu nyumbani kweli, au nitafute fundi mwingine? Kama kuna mtu anamfahamu mzuri hapa Tanga, tafadhali anielekeze.