Nitajuaje kama mteja anaihitaji bidhaa yangu au ananisifia tu?

Mleta uzi
Habari za wakati huu wakuu. Nataka kutengeneza programu ya simu ya kuwasaidia wenye biashara ndogo kuweka hesabu. Kabla sijaingiza fedha zangu humo nimeongea na wafanyabiashara kadhaa, na kila niliyemweleza anasema, "Wazo zuri sana, ikitoka nitaitumia." Hapo ndipo ninapopata wasiwasi, maana hakuna hata mmoja aliyepinga. Niulize nini ili niupate ukweli? Naombeni ushauri.

Mzee wa Kaunta
Mkuu, wasiwasi wako ni wa maana. Watu ni waungwana, ukimwonyesha mtu kitu ulichokitolea jasho hatakuvunja moyo. Programu usiitaje kabisa. Mwulize: mara ya mwisho hesabu zilipokukataa ulifanya nini? Ukitaka kujua nani anadaiwa, unaangalia wapi? Akikutolea daftari lake, tulia hapo. Lipitie ukurasa kwa ukurasa kama atakuruhusu, kwa sababu kile anachojisumbua kukiandika kila siku ndicho anachokihitaji. Na kama hana daftari wala hajawahi kutafuta njia yoyote ya kujinasua, huenda kwake hilo si tatizo, hata akikusifia vipi.

Binti Hesabu
Naongezea. Hata ukiuliza maelfu ya watu unaweza kupotea. Mwaka 1985 Coca-Cola walibadilisha ladha baada ya kuwaonjesha watu wapatao 200,000, na wengi waliipenda ile mpya. Ilipoingia sokoni wateja wakaja juu, ladha ya zamani ikarudishwa kabla miezi 3 haijaisha. Kuonja kulipima utamu, mazoea hayakupimwa. Nawe unataka mtu aache daftari alilolizoea, hilo lichunguze mapema.

Kipimajoto
Mimi nasema usihangaike na kila mtu, anza na anayeumia zaidi. Sam Farber, mwanzilishi wa OXO, kampuni ya vifaa vya jikoni, alimwona mkewe Betsey, mwenye baridi yabisi mikononi, akipata tabu kushika kifaa cha kumenyea. Vikabuniwa vifaa vya jikoni vyenye mpini mnene, vikatoka mwaka 1990, na wenye mikono mizima nao wakavinunua. Kwako wewe, mtafute yule anayekopesha wengi na kuzozana nao kila mwisho wa mwezi.

Mleta uzi
Asanteni sana, mtu wa namna hiyo ninamfahamu. Je, ni sawa kumwomba alipie kabla programu haijakamilika?

Mzee wa Kaunta
Ni sawa, kiasi kidogo, na umrudishie ukishindwa. Akitoa fedha yake, hilo lina uzito kuliko sifa zote ulizopewa. Ila programu usiisubiri. Chukua orodha ya madeni yake uitunze kwa mkono wiki chache, kila jioni umtumie ujumbe wa nani anadaiwa nini. Kisha jioni moja usitume. Akikupigia kuuliza, anza kazi. Akikaa kimya, nenda kesho yake ukamwulize alitumia nini badala yake.