MJADALA: Disney ilipopunguza maelfu ya wafanyakazi wa bustani zake, harambee ilianzia kwa nani?

Mleta mada, Ukunda

Wadau, salaam. Jambo hili limenikaa moyoni muda mrefu, leo naliweka jamvini.

Kampuni ya Disney ilifunga bustani zake za burudani za Marekani katikati ya Machi 2020, korona ilipoingia. Aprili, wafanyakazi zaidi ya 100,000 wa bustani na hoteli zake walipelekwa likizo bila malipo. Bustani ya Florida ilianza kupokea wageni tena tarehe 11 Julai, ya California ikabaki imefungwa. Kisha tarehe 29 Septemba likatoka tangazo kwamba watu 28,000 wanaachishwa kazi moja kwa moja, asilimia 67 kati yao wakiwa wafanyakazi wa muda. Novemba hesabu ikapanda hadi 32,000.

Najua kuna watakaosema bustani iliyofungwa haiuzi tiketi. Kwa hilo sibishi. Ninachobishia ni zamu ya kuumia: nani aliumia kwanza, nani akafuata, na nani hakuguswa kabisa.

Mwaka wa fedha wa 2019, kitengo cha bustani, pamoja na bidhaa zinazouzwa chini yake, kiliingiza faida ya uendeshaji ya dola bilioni 6.8, karibu nusu ya faida ya vitengo vyote. Maana yake wafagiaji, wapishi, waendesha mitambo ya kubembea na wale wanaovaa vinyago kwenye jua la Florida ndio waliokuwa wakiibeba kampuni ile mabegani. Na kuanzia mwaka wa fedha wa 2016 hadi 2018 kampuni ilitumia zaidi ya dola bilioni 20 kununua tena hisa zake yenyewe. Kwa asiyejua biashara hiyo inavyokwenda: kampuni ikinunua hisa zake, zinazobaki sokoni hupungua na kila moja hupata uzito zaidi. Mwenye hisa anafaidi, na bosi anayelipwa kwa hisa anafaidi pia. Mfagiaji haoni kitu.

Mimi nilikuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli moja hapa pwani kwa miaka tisa. Machi ile ile ya 2020 tuliitwa kwenye ukumbi wa chakula. Tulikuta barua zimepangwa juu ya meza ya bufe, pale panapokaa matunda ya asubuhi, kwa mpangilio wa majina. Likizo bila malipo "hadi itakapotangazwa vinginevyo". Nilirudisha sare mbili na funguo, mtu wa stoo akanipa daftari nitie sahihi. Beji ya jina hakuniuliza. Nilifika nayo nyumbani ikiwa bado kifuani, mwanangu ndiye aliyeiona.

Kwa hiyo siijadili Disney kama mtu anayesoma habari za mbali. Swali langu: kampuni kubwa ikiyumba, kwa nini wa kwanza kuchangia awe yule asiye na akiba?

Mchangiaji, mhasibu, Dar es Salaam

Dada yangu, pole sana kwa yaliyokukuta. Nitasema ninavyoona mimi, usinielewe vibaya.

Mwaka wa fedha wa 2020 Disney ilifunga hesabu na hasara ya dola bilioni 2.8, wakati mwaka mmoja kabla ilikuwa na faida ya zaidi ya bilioni 10. Hapo si kuyumba, ni kuanguka. Na wakubwa hawakukaa kutazama: Bob Iger, mwenyekiti mtendaji wakati huo, aliacha mshahara wake, na Bob Chapek, mkurugenzi mtendaji, akakatwa nusu ya wake. Gawio la nusu mwaka kwa wanahisa lilifutwa, na hapo ziliokolewa kama dola bilioni 1.6. Walio likizo bila malipo waliendelea na bima ya afya. Kwa Marekani, mtu asiye na bima akilazwa siku tatu anaweza kutoka na deni la kuuza nyumba, kwa hiyo bima si jambo dogo.

California nayo ilikataa kufungua. Josh D'Amaro, mkuu wa kitengo cha bustani wakati huo, aliwaandikia wafanyakazi wazi kwamba msimamo wa jimbo umezidisha hali. Bustani ile ilikaa imefungwa hadi tarehe 30 Aprili 2021. Utamlipaje mtu wa kuendesha treni isiyotembea kwa zaidi ya mwaka mzima? Ukimlipa huyo, utakopa. Ukikopa kupita kiasi, kampuni inakufa na wote wanakosa, waliopunguzwa na waliobaki.

Tena hao wanahisa tunaowasema si matajiri watupu. Mifuko ya pensheni ya walimu imo humo. Mwalimu mstaafu anasubiri gawio hilo kama wewe ulivyosubiri mshahara.

Mleta mada

Kaka, nakushukuru kwa lugha ya heshima. Hasara nimeikubali, bima pia. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Lakini hapo kwenye mishahara ya wakubwa hujamaliza hesabu, na wewe ni mhasibu. Mshahara wa msingi ni kipande kidogo cha anachopata mkubwa wa kampuni kama ile. Kilicho kikubwa ni hisa na marupurupu ya mwisho wa mwaka. Mwaka wa fedha wa 2018 malipo ya Iger yalifika dola milioni 65.6, mara 1,424 ya malipo ya mfanyakazi wa kati wa kampuni hiyohiyo, yaani yule ambaye nusu ya wenzake wanapata zaidi yake na nusu wanapata pungufu. Mwaka wa 2020, pamoja na kuacha mshahara, bado alipata kama milioni 21. Mishahara ya wakubwa waliokatwa ilirudishwa Agosti, kabla hata tangazo la 28,000 halijatoka. Abigail Disney, ambaye babu yake ni mmoja wa waanzilishi wawili, alilisema jambo hili hadharani na kwa ukali. Huyo ni wa damu yao, hawezi kuambiwa ana kijicho.

Unasema korona. Basi turudi nyuma. Mwaka wa fedha wa 2014 Disney ilivunja rekodi yake ya faida, dola bilioni 7.5. Mwishoni mwa mwaka huo, wataalamu wa kompyuta wapatao 250 wa Orlando waliambiwa kazi yao inakwisha, na kazi ikapewa kampuni za nje zilizoleta watu kutoka India kwa viza za muda. Wengi wao walitumia wiki zao za mwisho wakiwafundisha waliokuja kuchukua viti vyao. Hapakuwa na ugonjwa wala amri ya serikali. Palikuwa na faida, na hamu ya kuongeza faida.

Hao vijana kutoka India siwalaumu hata kidogo, tusije tukageuza mjadala.

Mchangiaji, anayeishi karibu na Orlando

Niongeze kitu ambacho wengi hapa hawajakiona kwa macho.

Kwenye bustani yao ya wanyama, iliyofunguliwa Aprili 1998, kuna kijiji cha kubuni wamekiita Harambe, kwa "e" moja. Waliokijenga waliiga miji ya pwani yetu, Lamu hasa. Niliwapeleka watoto. Kuta zimechujuka kama zimepigwa na chumvi ya bahari miaka mia, kumbe zimechujuliwa kwa brashi. Kuna duka linaitwa Mombasa Marketplace, kuna Dawa Bar, kuna kibanda kinaitwa Tamu Tamu. Binti yangu alisoma maandishi ukutani kwa sauti, Mmarekani mmoja akageuka akamuuliza lugha hii inasomeka kweli? Nilisikia fahari na uchungu kwa pamoja.

Nilichotazama zaidi ni beji. Kila mfanyakazi ana beji yenye jina lake na mahali alikotoka. Kampuni haiwaiti wafanyakazi, inawaita waigizaji, kwa maana kwamba mbele ya mgeni kila mtu yuko jukwaani, hata aliyeshika ufagio. Ni wazo zuri, nalisema kwa dhati. Yule aliyetuongoza kwenye foleni aliongea na mwanangu kama amemngoja yeye tangu asubuhi.

Watu wa aina hiyo ndio walioangukia mfumo wa Florida wa fidia ya kukosa kazi mwaka 2020. Kiwango cha juu kabisa kilikuwa dola 275 kwa wiki, kwa wiki 12. Nyongeza ya serikali kuu ya dola 600 iliisha mwishoni mwa Julai, miezi miwili kabla ya tangazo. Tovuti ya kuombea ilikuwa ikizimika, watu wakapanga foleni za magari kuchukua fomu za karatasi. Kwa kodi ya nyumba ya huku, dola 275 hazifiki popote.

Mchangiaji, wa chama cha wafanyakazi, Nairobi

Mleta mada nakuunga mkono, ila nikurekebishe. Si kila mara panga linaanzia chini. Februari 2023, Iger akiwa ameshanirudi kupunguza watu 7,000 na kubana matumizi ya dola bilioni 5.5. Safari hiyo walioguswa zaidi walikuwa wa maofisini na wa vitengo vya filamu na televisheni. Wafanyakazi wa bustani wanaolipwa kwa saa waliachwa.

Sababu ni mbili. Ya kwanza, hasara ilikuwa upande wa kutazama filamu kwa intaneti, ambako robo moja tu ya mwaka 2022 zilipotea karibu dola bilioni 1.5, na bustani ndizo zilizokuwa zikiziba pengo. Ya pili ndiyo mnayoisahau: wafanyakazi wa Florida wana vyama vilivyoungana. Mwaka 2018 walipata makubaliano ya kufika dola 15 kwa saa mwaka 2021. Mwaka 2023 wakapata 18. Hata mwaka 2020, walio chini ya vyama hivyo walipigania haki ya kuitwa kwanza kabla kampuni haijaajiri wapya, bila kupoteza miaka yao ya utumishi. Asiye na chama alipewa barua na kwaheri.

Mhasibu, Dar es Salaam

Hapo kwenye kuitwa kwanza nakubali, ni sharti la haki na halimfilisi mtu. Kwenye kununua hisa, bado nasema fedha zile zilikuwa za wenye kampuni. Hakuna aliyejua mwaka 2017 kwamba korona inakuja.

Mleta mada

Hakuna aliyejua, kweli. Na mimi sikujua. Lakini nilipokosa akiba niliambiwa nilitumia vibaya. Kampuni iliyotumia bilioni 20 kwa hisa zake ikakosa ya kuwashikilia watu, hiyo inaambiwa ilipatwa na bahati mbaya. Kaka, hapo ndipo ninaposhindwa kukufuata.

Ndugu wa Orlando, umenigusa na habari ya Harambe. Sisi tuliokulia kwenye harambee tunajua inavyoendeshwa. Mgeni rasmi ndiye anayeanza kutaja chake, hadharani, kila mtu akisikia. Wanafuata wenye maduka, kisha walimu. Mama anayeuza mahamri anatoa shilingi hamsini yake mwisho, na anapigiwa makofi kuliko wote. Sijawahi kuona harambee inayoanzia kwa mama wa mahamri. Kama umelichukua neno letu ukalitundika getini, na utaratibu wake ungelichukua.

Na nakubali nilikosea kusema panga huanzia chini kila mara. Habari ya 7,000 sikuijua kwa undani huo.

Mdau wa chama, jambo moja la kukuuliza wewe hasa. Hoteli yetu ilipofunguliwa niliitwa. Korido ni ileile, toroli la mashuka lilelile, gurudumu lake la kushoto bado linakwama. Lakini niliitwa kama kibarua, malipo ya siku, bila likizo ya mwaka, na miaka yangu tisa ikahesabiwa sifuri. Wenzangu kumi na mmoja vilevile. Mgeni akiingia haoni tofauti, kwa sababu kitanda kinatandikwa vilevile. Hilo la kuitwa kwanza na miaka yako mkononi, wale wa Florida waliliandikaje hadi likakaa kwenye mkataba? Na sisi vibarua tunaweza kulidai sasa, au ilibidi tulidai kabla hatujatia sahihi lile daftari la stoo?