Kituo cha nyumbani kwanza, au mshahara?

Wadau, narusha jeti za kukodi hapa Marekani. Naishi Minneapolis, ila lazima niripoti Dallas kwa nauli yangu. Siku ya ofu inaishia kwenye foleni ya ukaguzi uwanjani, na wanangu wananiona begani na begi tu. Chama cha marubani kinajadili mkataba na kampuni. Tudai kipi kwanza: kituo cha nyumbani, yaani kazi ianzie uwanja wa karibu na kwako, au mshahara?

— Kaka, kituo cha nyumbani! Iandikwe waziwazi: tiketi inunuliwe na kampuni, na saa za kazi zihesabiwe kuanzia uwanja wa kwenu, si pale ndege ilipolala.

— Jiandaeni kusubiri. Sheria ya kazi za reli ya 1926 inawabana na marubani tangu ilipopanuliwa hadi mashirika ya ndege 1936: hakuna kugoma mpaka bodi ya usuluhishi ya serikali iwaachie.

— Na orodha ya viwanja ambavyo rubani anaweza kuchagua kama kituo chake iwe ndani ya mkataba, wasije wakaifuta.