Ndege za mbao za Italia: mbao iliwaangusha au inasingiziwa?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Najua hoja hii itawakera baadhi yenu.

Kila inapotajwa Italia ya Vita Vikuu vya Pili, hakosi mtu wa kusema walikwenda vitani na makabati yenye mabawa, ndiyo maana walipigwa. Mimi nasema mbao inasingiziwa.

Chukueni SM.93 ya kampuni ya Savoia-Marchetti, ndege ambayo wengi hata hawajaisikia. Ilibuniwa kushambulia kwa kupiga mbizi: inashuka karibu wima juu ya shabaha, inaachia bomu, kisha inainuliwa kwa nguvu. Watu wawili ndani, umbo la mbao, puani injini ya Kijerumani DB 605 yenye nguvu za farasi karibu 1,500. Ajabu yake ni kwamba rubani hakuketi, alilala kifudifudi. Ndege inapoinuliwa ghafla kutoka kwenye mbizi, damu hukimbilia miguuni na rubani aliyeketi huweza kuzimia. Aliyelala, moyo na kichwa vikiwa karibu usawa mmoja, hustahimili zaidi.

Iliruka mara ya kwanza Januari 1944. Itazameni hiyo tarehe. Italia ilishatangaza kusalimu amri 8 Septemba 1943, na kaskazini kwenye viwanda walikuwa wamekaa Wajerumani. Hao ndio walioijaribu, wakaiacha baada ya muda mfupi. Ikabaki hiyo hiyo moja.

Sasa hapo mbao ina kosa gani? Kazi yenyewe ya kupiga mbizi ilikuwa inakufa. Ju 87, yaani Stuka, ndege ya Kijerumani ya kupiga mbizi iliyoogopwa 1940, alikuwa akitunguliwa popote adui alipokuwa na ndege za kivita, na nafasi yake ilichukuliwa na Fw 190, ndege za kivita za Kijerumani zilizofungwa mabomu. Halafu DB 605, injini ya Daimler-Benz, ndiyo iliyokuwa ikisukuma Bf 109, ndege ya kivita ya Wajerumani. Nani amnyime rubani wa Bf 109 injini ampe mgeni anayelala kifudifudi?

Karibuni, kwa hoja lakini, si kwa matusi.

Kalafati

Mleta mada, umejichagulia ndege inayokufaa, maana isiyofika vitani haina aibu. Mbona umemkwepa ndugu yake mkubwa, SM.85, naye wa kupiga mbizi? Iliruka 1936, kampuni ile ile, injini mbili, rubani mmoja, mbao. Umbo lake liliipa jina la utani la ndizi irukayo. Ziliundwa 30 na ushei. Juni 1940 Italia ilipoingia vitani zikapelekwa Pantelleria, kisiwa kidogo kati ya Sicily na Tunisia. Jua na unyevu wa bahari vikazipinda. Hazikuzamisha chochote. Kabla mwaka haujaisha kikosi kile kile kikawa kinarusha Stuka zilizotoka Ujerumani, ndege za alumini.

Mimi nimekulia kwa mafundi wa majahazi. Jahazi hutiwa kalafati, pamba ya kuziba, kwenye maungio, hupakwa sifa, mafuta ya papa, juu na deheni, mafuta yaliyochanganywa na chokaa, chini, na kila mwaka hupandishwa pwani likatazamwa upya. Liache juani bila mwenyewe uone mbao zinavyoachana. Mbao inataka mtu wa kuihudumia, na vitani huyo mtu hayupo.

Rubani wa Sebuleni

Kalafati, heshima yako. Na Mosquito je, ndege ya mbao ya Waingereza? Waliunda zaidi ya 7,700. Katikati mti mwepesi wa balsa kutoka Ecuador, nje na ndani plaiwudi ya mti wa birch. Iliruka Novemba 1940 ikaanza kuzipita mbio ndege za chuma za siku zile. Sehemu zake nyingine zilitengenezwa na mafundi wa fanicha, watu wa makabati hasa, na makabati yao yakapiga Berlin.

Kalafati

Na India 1944? Si zilianza kuvunjika angani mpaka Novemba zikazuiwa kuruka?

Rubani wa Sebuleni

Zilizuiwa, ndiyo. Ila kilichokutwa si joto peke yake, kulikuwa na maungio yaliyofanywa ovyo kiwandani. Na gundi ya mwanzo ilikuwa ya kasini, inayotoka kwenye maziwa, haipendi tropiki. Baadaye wakahamia gundi ya kemikali. Wajerumani nao walikuwa na Ta 154, ndege ya kivita ya usiku, ya mbao. Kiwanda cha gundi yake kule Wuppertal kilipigwa mabomu 1943, wakatumia gundi mbadala, asidi yake ikala mbao na ndege zikavunjika. Tuseme basi kemia iliwaangusha. Mti haukufanya kosa.

Binti Moyale

Mnazungumza kana kwamba ndege hizi zilirushwa juu ya uwanja mtupu.

Vita vya Ethiopia, 1935 na 1936: SM.81 za kampuni hiyo hiyo, mabawa ya mbao na kiwiliwili cha mabomba ya chuma, zilidondosha mabomu juu ya watu waliokuwa karibu hawana ndege kabisa. Hapo hakuna jenerali aliyelalamika kwamba mbao inapinda. Juni 1940 mabomu ya Kiitaliano yakaangukia Wajir, upande wetu wa Kenya. Ukishambulia wasioweza kujibu, chombo chochote kinakutosha, na ushindi wa aina hiyo unalewesha. Wakubwa wa Roma walilewa.

La pili, acheni ile hadithi kwamba walikosa alumini. Shirika la Mataifa lilipowawekea vikwazo Novemba 1935, alumini ilikuwa kwenye orodha ya bidhaa zilizozuiwa, wakati Italia ilikuwa na boksiti yake, madini ya kutolea alumini, kwenye rasi ya Istria na alumini ilikuwa miongoni mwa metali chache ilizojitosheleza! Mafuta, yale waliyoyahitaji kweli, hayakuguswa. Savoia-Marchetti ilishikilia mbao kwa mazoea. Ni watu wa Sesto Calende, kando ya ziwa, waundaji wa ndege za majini. S.55 zao 24 zilifika Chicago mwaka 1933 zikapokewa kifalme, na baada ya sifa zile nani angewaambia wafundishe maseremala kuunga alumini kwa ribiti?

Mleta mada

Binti Moyale, la Ethiopia nakubali bila kubisha. Sifa za Chicago pia.

Lakini nirudi kwa Kalafati. SM.85 ilikuwa na injini mbili za Piaggio, kila moja nguvu za farasi 500 hivi, na mwendo wake wa juu haukufika kilomita 370 kwa saa. Hurricane, ndege ya kivita ya Waingereza, ilipita 500. Ifunike alumini mwili mzima, kesho itatunguliwa vile vile. Italia haikuwa na injini kubwa ya kuaminika. Ndiyo maana ndege zao nzuri za baadaye, kama Macchi 202, zilisubiri injini za Daimler-Benz. Na aliyefuata SM.85 alikuwa SM.86, mbao vile vile. Sampuli yake ilikwenda Sicily 1940 pamoja na Stuka, ikaruka mpaka Malta, kisiwa kilichoshikwa na Waingereza. Haikupinda.

Kalafati

Ndege moja, yenye mafundi wake wanaoipapasa asubuhi na jioni! Nipe kikosi kizima kilicholala nje msimu mmoja, halafu tuzungumze. Injini dhaifu nakupa, hiyo ni yako. Lakini injini dhaifu haipindi bawa likiwa limeegeshwa.

Rubani wa Sebuleni

Ngoja niwaongezee kuni. Mwaka 1943 kulikuwa na SAI.207 ya Ambrosini, ndege nyepesi ya kivita ya mbao, injini ya nguvu 750 tu, na bado ilikuwa na mbio kuliko nyingi zilizoizidi nguvu. Ziliundwa chache za mwanzo zikajaribiwa vikosini. Wizara iliagiza 2,000, kisha ikageuza ikataka SAI.403, toleo lililoboreshwa, 3,000. Septemba ikafika, yakaisha yote. Kama mbao ilikuwa balaa lililoonekana Pantelleria, wizara ile ile miaka mitatu baadaye iliagizaje maelfu?

Kalafati

Kwa sababu ni wizara. Hizo 3,000 za kwenye karatasi hazijawahi kunyeshewa, ndugu yangu. Mimi nabaki na Pantelleria.