Naomba ushauri: udahili wa masomo ya msaidizi wa fiziotherapia Marekani

Ndugu zangu, ninaishi Marekani na nimekusudia kusomea kazi ya msaidizi wa mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi), ambayo huhitaji shahada ya takribani miaka 2 kutoka programu iliyoidhinishwa na CAPTE (tume ya Marekani inayoidhinisha programu za elimu ya fiziotherapia), kisha mtihani wa taifa na kibali cha jimbo. Kinachonitatiza ni udahili. Vyuo vingi hudai kwanza masomo ya anatomia (muundo wa mwili) na fiziolojia (utendaji wa mwili), na baadhi hutaka pia saa za kushuhudia kazi kliniki. Nami, kwa kuwa ninalea watoto na kufanya kazi usiku, siwezi kuyabeba yote kwa pamoja. Je, nianze na anatomia, ambayo naamini ndiyo msingi wa kumhudumia mgonjwa kwa usalama, au nitafute kwanza kliniki itakayonipokea?